Kupe wa Ng'ombe Aliyefichwa

Mtakaosoma haya, naomba mnivumilie kwa mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na maneno mengine ya kitaalamu nimeyaandika kwa kuyafuata nilivyoyasikia, kwa hiyo kama yamekosewa, kosa ni la sikio langu. Niliishia darasa la saba. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima. Lakini jambo hili nimekaa nalo tangu masika, na kila nikijaribu kulisimulia kwa mdomo mbele ya watu aibu inanishika, nalikatiza katikati. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Mimi ni msichana wa Mamba, huku juu milimani, ambako karibu kila nyumba inalima tangawizi. Kazi yangu ilikuwa kuchagua mbegu. Tangawizi ya mbegu ina macho, na jicho likivunjika halioti tena, kwa hiyo anayechagua hatakiwi kuwa na papara. Mimi papara sina. Nyumbani wananitania kwamba wakinituma chumvi dukani, nitarudi mboga imeshaliwa bila chumvi.

Ndivyo nilivyompata Daktari. Alikuja kwenye kikundi chetu cha wakulima, mama mtu mzima mwenye mvi, amevaa buti za mpira, akauliza kama kuna kijana mwenye mkono mtulivu. Mwenyekiti akanionyesha kwa kidevu. Daktari akanipa kikoleo kidogo, kama kile cha kung'olea mwiba, akaniambia nimtoe kupe aliyekuwa shingoni mwa mbuzi wa mwenyekiti. Nilimshika karibu kabisa na ngozi, nikavuta polepole bila kupinda. Akatoka mzima na mdomo wake, miguu ikichezacheza. Daktari akamtia kwenye kichupa, akakiinua juani, akatazama kama bibi harusi anayetazama pete. Kisha akauliza wazazi wangu ni akina nani.

Mama alipoambiwa kazi yenyewe ni kukusanya kupe, alicheka mpaka akaweka ungo chini. Alisema miaka yote tunawatupa motoni, kumbe wana shughuli.

Daktari ni mzaliwa wa Bombo, Mpare mwenzetu, na maisha yake alinisimulia vipande vipande tukiwa garini. Gari anaendesha mwenyewe. Tulikuwa tukishuka kutoka milimani asubuhi, tumevaa makoti, na tukifika Same tunayavua, maana joto la kule chini linakupokea kama mlango wa jiko. Njia ni ndefu, na mimi si msemaji, basi yeye anasema.

Alipokuwa mtoto, baba yake alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe akaumwa ndigana, matezi yakavimba chini ya masikio, povu likamtoka puani, akafa. Daktari aliinua sikio la yule ng'ombe, akaona kupe wamejipanga ndani kama maharage. Baba yake akamwambia aache uchafu huo. Yeye hakuacha. Hakuelewa kitu kidogo vile kinawezaje kumwangusha mnyama mkubwa vile, na swali hilo likampeleka shule, likampeleka chuo cha udaktari wa mifugo, na miaka mingi akaitumia kwenye ndigana, akichungulia damu ya ng'ombe kwenye hadubini.

Kisha akaihama ndigana. Hapo huwa anapunguza mwendo wa gari. Mfugaji mmoja wa tambarare aliletwa hospitali na homa kali, fizi zinatoa damu. Wakatafuta malaria, hakuna. Wakatafuta kila mdudu wanayemjua, hadubini haikuonyesha kitu. Yule mtu akafa. Daktari alikuwa amekuja hospitali pale kwa shughuli nyingine, akamuuliza mjane kama marehemu aliumwa na kupe siku za karibuni. Mjane akamshangaa. Akasema huko kwao nani hajaumwa na kupe?

Basi Daktari akajua kwamba anachokitafuta ni kidogo kuliko hadubini yake. Akarudi shule na umri wake, akaenda nchi ya baridi kusomea virusi, akijifunza kufanya kazi ndani ya vyumba ambamo unavaa nguo kama za mtu anayekwenda mwezini. Aliporudi alianza kuwapima watu wa tambarare, na kwenye damu za baadhi yao akakuta alama kwamba kirusi cha homa ile ya kutokwa damu kilishapita mwilini. Lakini kirusi chenyewe hakukikuta kwenye kupe wa huku, hata mara moja. Masika ya mwaka mmoja alikusanya kupe wengi, umeme ukakatika maabara, friji likayeyuka, wote wakaoza. Alikaa sakafuni akalia. Kesho yake akaosha friji.

Wakubwa wake walikuwa wakimwambia kwamba alama kwenye damu hazitoshi. Labda watu hao waliupata ugonjwa safarini, wakipeleka mifugo minadani. Bila kupe mwenye kirusi, wa hapa hapa, hakuna atakayewaambia wafugaji wabadili chochote. Na masika haya ndiyo yalikuwa ya mwisho kwake, maana mwaka huu anastaafu, na mradi unafungwa naye.

Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini hakurudi tu kwenye ndigana, ambako alikuwa anajulikana. Alinijibu bila kugeuka.

"Kwa sababu jioni hii, mwanangu, kuna mama huko chini anawaminya kupe kwa kucha. Damu yao inamwingia kwenye michubuko, na hakuna aliyemwambia."

Tangu hapo kazi ile niliipenda kuliko nilivyowahi kupenda kitu. Nitasema ukweli, ilinifurahisha kama mchezo. Tulikuwa tunaburuta shuka jeupe juu ya nyasi, mimi pembe moja, yeye pembe nyingine, tunatembea polepole, kisha tunaligeuza. Kupe hangoji chini. Anapanda juu ya jani, anashika kwa miguu ya nyuma, ya mbele anainyoosha hewani kama mtoto anayeomba kubebwa, na chochote kinachopita anakidaka. Ukigeuza shuka unawaona, vidoa vinavyotembea. Watoto wa tambarare walitufuata wakiuliza maiti iko wapi, maana wao shuka jeupe wameliona kwenye mazishi tu. Daktari aliwajibu kwamba bado tunaitafuta. Wakatimua mbio.

Lakini kupe wa nyasini walikuwa wadogo, na si wale aliowataka. Aliwataka wakubwa, walioshiba, kutoka kwenye boma ambalo mtu ameugua karibuni. Na alitaka wagandishwe wakiwa hai. Kwa kazi hiyo tulikuwa na mtungi wa gesi ya baridi, ule ule wanaotembea nao wataalamu wa kupandikiza mbegu za ng'ombe, ukifungua unatoa moshi mweupe. Gesi ile inapungua yenyewe hata usipoigusa. Kila asubuhi Daktari alikuwa anapima kina chake kwa kijiti, na uso wake unabadilika kufuatana na kijiti.

Masika yalipokuwa yanakatika tukapata habari. Kijana wa boma moja la wafugaji, upande wa tambarare, alilazwa kwa homa na kutokwa damu puani. Alipona, yuko nyumbani. Daktari alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Alitaka kwenda muda ule ule, lakini hakwenda. Huwezi kuingia bomani kwa mtu ukashika ng'ombe wake bila kutoa taarifa, na yeye amelelewa na watu wenye adabu zao. Akamtuma kijana wa bodaboda awaambie kwamba keshokutwa daktari wa mifugo na binti anayemsaidia watakuja kuwasalimia na kuwaangalia ng'ombe. Gesi kwenye mtungi ilitosha safari hiyo moja na kurudi maabara.

Tulifika asubuhi na mapema, kabla mifugo haijatoka. Baba mwenye boma alisimama mlangoni na fimbo yake, mkewe pembeni amevaa shanga mpya, na kijana wao, mwembamba bado kwa ugonjwa, ameegemea uzio wa miiba. Tukawaamkia, tukaamkiwa. Baba akatuingiza ndani ya zizi kama mtu anayefungua sebule.

Ng'ombe walikuwa wanang'aa. Sijawahi kuona ng'ombe wasafi vile. Na harufu ya dawa ya josho ilikuwa imetanda mpaka macho yananiwasha.

Mama mwenye boma alieleza kwa fahari. Taarifa ilipofika kwamba mgeni mkubwa anakuja kuwaangalia ng'ombe, yeye na mabinti zake walikaa jioni mbili wakitoa kupe mmoja mmoja, wakiwaminya na kuwatupa motoni. Kisha kijana akaazima bomba la dawa, akawapulizia wote, kuanzia kwato mpaka pembe. Mgeni wa heshima hawezi kuonyeshwa ng'ombe wenye kupe. Ingekuwa kama kumkaribisha chakula kwenye sahani ambayo haijaoshwa.

Daktari aliwasifu ng'ombe. Alisema wanapendeza, na sauti yake haikutetereka. Akapita kwa kila mmoja akiinua masikio, akiinua mkia, akipapasa kiwele. Mimi nilikuwa nyuma yake na vichupa vitupu. Hakukuwa na kupe hata wa dawa. Tukaburuta shuka nje ya boma, nyasi zimeliwa mpaka udongo, tukapata vumbi. Akarudi garini kwa kisingizio cha kunywa maji, nikamfuata. Alifungua mtungi, akatia kijiti, akakitazama, akakirudisha. Halafu akasema kwa Kipare, polepole sana, "Nimeiua kazi yangu kwa adabu."

Sikujua niweke wapi macho. Nilimtazama yule mama anayepanga vikombe vya chai kwa ajili yetu, na nyumba yake imefagiwa mpaka nje ya mlango, nikamwona mama yangu. Kwetu siku mchungaji wa usharika akija, mama anafagia hivyo hivyo. Godoro lililochanika linapelekwa darini. Masufuria yasiyo na vifuniko yanaingia chini ya kitanda. Na mbuzi wetu mwenye upele anakwenda kwa jirani mpaka mchungaji aondoke.

Nikamwambia Daktari habari ya yule mbuzi. Nilimwambia kwa Kipare na mkono mdomoni. Alinitazama, akatazama zizi, akaanza kucheka kimya kimya huku mabega yanatikisika. Alisema kwao Bombo alikuwa anafichwa babu, kwa sababu ya kanzu yake moja aliyokataa kuivua.

Lakini kuuliza si rahisi. Huwezi kumwambia mtu aliyekuandalia nyumba, nionyeshe ulichoficha. Daktari alikwenda akakaa kwenye kigoda, akapokea chai ya maziwa, akainywa bila haraka, akaanza kuwasimulia habari za babu yake na ile kanzu. Alisimulia jinsi askofu alivyokuja, na babu akafungiwa jikoni, na katikati ya sala akaanza kugonga mlango akidai ugoro. Kijana alikuwa anatafsiri kwa Kimaasai pale mama alipokwama. Mama akacheka akajipiga paja.

Daktari akasema, "Yeyo," ndivyo wanavyomwita mama huko, "mimi si askofu. Kazi niliyoijia ni kupe. Nimeacha nyumbani kwangu, nimekuja kuwatafuta kupe kama wewe unavyotafuta maji."

Mama aliacha kucheka. Akamtazama mumewe. Baba akatazama mbali akasema ng'ombe wote tumewaona, hakuna mwingine.

"Hakuna?" mama akamuuliza. "Na yule mke wako wa porini? Mwembamba, ana pembe moja, anapiga mateke."

Kijana aliangua kicheko mpaka akashika ubavu. Baba akasema, "Nyamaza wewe, usinivue nguo mbele ya watu."

"Shuka lako lipo mwilini, mzee. Tunamwongelea yule ambaye hata bomba la dawa alilivunja."

Hapo baba akashindwa, akacheka na yeye. Ikawa ni kweli. Kulikuwa na ng'ombe jike mzee, mama wa nusu ya zizi lile, ambaye baba alikuwa hataki kumuuza wala kumchinja. Hakukubali kupuliziwa dawa. Hakukubali mkono wa mtu isipokuwa wa baba. Kwa kuwa alikuwa na sura ya kutia aibu, alfajiri ile walimpeleka ng'ambo ya korongo, wakamfunga nyuma ya kichaka, mpaka wageni waondoke.

Daktari alivuka lile korongo kama msichana. Mimi na ujana wangu nilikuwa nahema nyuma yake na mtungi.

Sijui niwaelezeje furaha ya kumwona yule ng'ombe. Alikuwa mbaya kweli, mbavu nje, pembe moja, na kupe walikuwa wamemjaa masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele, wakubwa kama kunde zilizolowekwa. Na wengine walikuwa na miguu yenye mistari, myeupe na ya kahawia, kama waliovaa soksi za shule. Daktari aliwaona hao, akanishika mkono kwa nguvu hata kikoleo kikaniuma. Wale wenye soksi ndio aliowataka.

Tukavaa glovu. Baba alisimama kichwani akimwimbia ng'ombe wimbo wa chini chini, taratibu, mdomo karibu na sikio. Kijana alitaka kusaidia kumshika, Daktari akamkataza asiguse kupe, akamwambia yeye ameshalipa zamu yake. Nikapiga magoti. Nilisahau aibu yote. Nilimshika wa kwanza karibu na ngozi, nikavuta bila kupinda, akatoka mzima. Wa pili akatoka mzima. Ng'ombe alirusha teke moja likapita karibu na kofia ya Daktari, baba akambembeleza, tukaendelea. Nilikuwa natoa, Daktari anapokea, anaandika kwenye kichupa, anatumbukiza mtungini, moshi unapanda, na kila moshi ulipopanda mama aliyesimama pembeni alikuwa anasema kitu kwa lugha yao na kucheka. Jua lilitupata hapo hapo. Vichupa vilipokwisha tulitia wengine kwenye vichupa vya akiba, na hivyo pia vikajaa.

Hatukukaa kula. Daktari aliomba radhi, akatoa damu kidogo ya kijana kwa ruhusa ya baba, akaendesha moja kwa moja mpaka maabara, akiniacha Same njia panda nipande nyumbani. Alipoondoka alipiga honi kama gari la harusi.

Kungoja kulikuwa kugumu. Nilirudi kwenye mbegu zangu, nikawa navunja macho ya tangawizi, mpaka mwenyekiti akaniuliza nina nini. Simu yetu inashika mtandao kwenye jiwe lililo juu ya shamba, na mimi nilihamia kwenye lile jiwe. Mama aliniambia nipeleke na kitanda.

Simu ilipolia, mwanzoni nilisikia mashine zikinguruma tu. Nikasema shikamoo. Daktari akasema marahaba. Kisha akasema, "Tumekipata kirusi. Kimo ndani ya wenye soksi. Na kwenye damu ya kijana alama zipo, za karibuni kabisa."

Nilikaa chini juu ya lile jiwe. Nilitaka kupiga kelele bonde zima lisikie. Lakini akaniambia nisimwambie mtu bado, kwa sababu kuna mtu anayestahili kusikia kabla ya wakubwa wote.

Safari hii alituma taarifa kwamba tunakuja, lakini tunakuja kama ndugu, na asioshwe mtu wala ng'ombe. Tulipofika, kiumbe wa kwanza kuonekana mlangoni mwa boma alikuwa yule ng'ombe wa pembe moja, amefungwa mbele kabisa. Mama akasema mke mkubwa ametoka kupokea wageni. Baba akajifanya hajasikia.

Daktari aliketi karibu na mama, akamweleza bila maneno magumu. Kwamba homa ya mwanao ilitoka kwa kupe hawa. Kwamba kirusi kimo kwenye damu ya kupe, na ukimminya kwa kucha unakifungulia mlango. Kijana alitafsiri mpaka mwisho, na sauti yake ilipungua alipofika pale pa kucha. Mama aliinua mikono yake, akatazama vidole gumba vyake. Vilikuwa na rangi nyeusi pembeni ya kucha, ya miaka na miaka. Kisha akaniambia mimi, si Daktari, nimwonyeshe kile chuma.

Nikampa kikoleo na glovu, nikapiga magoti karibu naye chini ya ng'ombe wa pembe moja, baba akiimba. Wa kwanza alimkata, mdomo ukabaki. Nikaushika mkono wake, tukavuta pamoja, polepole. Wa pili akatoka mzima. Tukamtia kwenye kopo lenye mafuta ya taa, na mama akaita binti zake wote waje waone.

Sasa Daktari yuko ofisini anaandika taarifa yake ya mwisho, na amesema hastaafu mpaka iwe imesomwa na hospitali zote za huku. Mradi haufungwi tena; vijana wa maabara wataendelea na maboma mengine, upande wa milimani pia, na mimi nitakwenda nao. Ndiyo sababu nimekaa nikaandika. Wewe unayesoma, kama kwenu mna ng'ombe au mbuzi, niandikie kupitia kwa waliochapisha maandishi haya. Niambie kupe mnawatoaje, kwa kucha, kwa chuma au kwa moto. Niambie kama kuna mtu wenu aliyepata homa baada ya hapo, na kama kuna wale wa soksi. Na mgeni akija, niambie ni mnyama gani mnampeleka nyuma ya kichaka, maana huyo ndiye ambaye ningependa kuanza naye.